Msiba Tulioutangaza Mstarini

Siku yangu ya kwanza kazini Kigoma nilikabidhiwa darasa la sita, nusu boksi ya chaki na ufunguo wa stoo ya maharage. Nilikuwa nimetoka Singida na cheti changu cha ualimu, sijui neno la Kiha, lugha ya wenyeji. Mwalimu Mkuu wa shule ile ya Kasingirima alinitazama, akasema, "Wewe una uso wa kusikiliza. Utashika malezi." Ndivyo nilivyoingia kwenye unasihi, yaani kumsikiliza mwanafunzi mwenye jambo mpaka yeye mwenyewe aone pa kupita. Semina niliipata miaka mingi baadaye, ya siku tatu tu.

Tulikuwa na chumba cha unasihi karibu na ofisi. Hakuja mtu. Mtoto akionekana kuingia, wenzake walimngoja nje: "Eti, umeiba au umefumwa?" Nikakifunga, nikahamia stoo. Maharage ya mchana yalichambuliwa mawe kila siku, na watoto wa darasa la sita na la saba walikuja kwa zamu. Mikono ikiwa kwenye ungo na macho yakiwa chini, maneno hutoka. Kwenye daftari langu sikuandika jina la mtoto, na Mwalimu Mkuu hakulisoma. Jambo likinizidi, kama mtoto anayeumizwa nyumbani, nilimwambia mtoto mwenyewe kwanza kwamba hili siwezi kubaki nalo, ndipo nikalipeleka kwa afisa ustawi wa jamii.

Baadaye nilihamishiwa shule ya Buzebazeba, mji ule ule, chini ya Mwalimu Mkuu mwingine, mtu wa maneno machache. Huko ndiko nilikokosea.

Zawadi alikuwa darasa la saba. Kwao ni Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa tunachokifikia kwa boti; mjini alikaa kwa mama yake mdogo. Siku moja habari ilikuja kwamba boti ya baba yake imepinduka ziwani. Wenzake wawili waliogelea wakatoka, yeye hakuonekana. Siku ya nne nilikwenda ofisini. Desturi yetu ilikuwa mwanafunzi akifiwa anaitwa mbele ya mstari asubuhi, shule inasimama kimya, kisha tunamchangia rambirambi.

"Tuna uhakika?" Mwalimu Mkuu aliniuliza.

"Siku nne ndani ya ziwa, uhakika gani tena?" Nilisema mimi, wala si mwingine.

Zawadi alisimama mbele ya shule nzima. Nilimshika bega nikamwambia, "Kaza moyo, mwanangu." Hakulia. Alinigeukia, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nyumbani hawajaweka matanga. Bibi bado anampakulia chakula. Mmemzika nyinyi."

Kesho yake hakuja. Wiki ya pili mama yake mdogo alitwambia amerudi Mwamgongo na shule haitaki tena. Mtihani wa kumaliza ulikuwa umebaki mwezi mmoja.

"Andika barua kwa mtendaji wa kijiji, aletwe," Mwalimu Mkuu alisema.

"Aletwe kama mtoro? Aliyekosa ni mimi."

"Basi nenda mwenyewe. Boti si unaiogopa?"

"Naiogopa."

"Nenda nayo hivyo hivyo."

Nilifika nimetapika mara mbili. Bibi yake, mama wa baba, alikuwa ameketi mkekani mlangoni, pembeni yake sahani imefunikwa kwa kawa. Hakujua Kiswahili cha kutosha, na mimi Kiha kilikuwa bado kinanishinda. Ikabidi Zawadi mwenyewe atutafsirie, naye hakuniangalia.

Nilisema nimekuja kuomba radhi, kwamba niliutangaza msiba ambao wenyewe hawajautangaza. Bibi aliongea kwa kirefu.

"Anasema, na umri wote huo hujui kusubiri?"

"Mwambie sijui. Nilitaka liishe haraka."

Bibi alicheka kidogo, akaongeza neno.

"Anasema, angalau si mwongo. Anasema ukae."

Nikakaa. Sikutaja shule. Tulichambua dagaa mpaka jua likageuka. Ndipo Zawadi akasema, bila kuulizwa, "Nikiondoka mimi, nani atamfunikia sahani? Bibi haoni vizuri. Ikiachwa wazi, ndiyo kusema tumekata tamaa."

Nilimwomba amwambie bibi maneno hayo. Alisita, kisha akayasema. Bibi alipapasa, akaishika kawa kwa mikono miwili, akajibu kwa ufupi.

"Anasema kufunika hakuhitaji macho. Niende nikafanye mtihani."

Tulirudi naye kwa boti ya kesho yake. Alifaulu, si kwa alama za kutangaza. Baba yake hakuonekana kamwe. Matanga waliyaweka siku waliyoona wao inafaa, nami nilikwenda. Tangu hapo sikumwita mtoto mbele ya mstari kabla ya kwao kusema.

Sasa nimestaafu, na mwaka jana mume wangu alifariki. Watu wema wamekuja, nao huniambia nikaze moyo, maneno yangu mwenyewe yakirudi nyumbani. Nawashukuru, nanyamaza. Wiki iliyopita alikuja Zawadi, mtu mzima sasa, mwenye watoto. "Shikamoo, Mwalimu." Hakusema pole. Aliona ungo wa maharage niliouacha tangu asubuhi, akauvuta, akaanza kutoa mawe.

Baadaye, macho yake yakiwa chini, akaniuliza, "Mzee alikuwa anapenda kula nini?"

Nikamwambia. Maharage yaliisha, bado namwambia.