Neno la Kiingereza na Bakuli la Mchele

Enzi zetu pale Mwananyamala, Kiingereza kilikuwa somo la kututoa jasho. Tulicheza rede mpaka vumbi likatuingia puani, tukala maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, lakini kipindi hicho kikigongewa kengele, hata mabingwa wa kelele tulinywea. Watoto wa leo, wanaoona tabu kuandika "habari" nzima, wangelia siku ya kwanza tu.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu Chitanda, mtu wa Masasi mwenye sauti ya upole na fimbo isiyo na upole, alimgawia kila mmoja wetu kitenzi kimoja, akaeleze maana na asili yake mbele ya wenzake. Atakayeshindwa atarudia darasa. Mimi nikaangukiwa na "immerse".

Nikakimbilia kwa Ami Seif, Mwarabu mwenye duka mtaani kwetu, aliyekuwa na kamusi nene. Nikamwamkia, akavaa miwani, akasoma taratibu. "Limetoka Kilatini, mwanangu. In, ndani. Mergere, kuzamisha." Nilikariri kama kasuku njia nzima. Kuelewa, sikuelewa kitu.

Nyumbani nilimkuta mama analoweka mchele wa vitumbua. Yeye hakusoma hata darasa moja. Akaniuliza nabwabwaja nini, nikamweleza yote, na hofu yangu ya kurudia darasa. Akacheka.

"Sasa si ndiyo hiki nikifanyacho? Ukichovya mkate kwenye chai, nusu unabaki mkavu. Huu mchele nauzamisha wote, maji yaupite juu, ukae humo mpaka punje ilainike hadi ndani. Kesho chukua bakuli ukawaoneshe."

Asubuhi aibu ikanishika. Bakuli la mchele shuleni? Wangenicheka mwaka mzima. Nikaliacha nyuma ya mlango, nikaondoka.

Zamu yangu ilipofika nilitaja Kilatini chote. "Vizuri," akasema mwalimu. "Na tofauti yake na kuchovya ni ipi?" Maneno ya mama yalikuwa yamenitoka yote kwa woga. Mwalimu alishashika kalamu aandike jina langu, tukasikia hodi.

Alikuwa mama, kajifunga kanga zake, anahema, bakuli mkononi. "Samahani mwalimu. Mwanangu kasahau kifaa chake."

Darasa likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu akawanyamazisha, akamkaribisha mama mezani. Mama akarudia habari ya mkate na chai, kisha akachukua punje iliyolowa, akaiponda kwa vidole viwili, akawapitishia waliokaa mbele waone unga wake. Kicheko kikaisha chenyewe. Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Mama huyu ni wa nani?" akauliza, utadhani hajui.

Nikasimama wima. "Wangu, mwalimu."

Nilivuka darasa. Siku hizi wanangu wakikwama kwenye neno wanaiuliza simu, wanajibiwa kabla hawajapepesa macho, na wanalisahau kabla chakula hakijaiva. Nawacheka, nao wananicheka. Lakini namshukuru Mungu kwamba enzi zangu hapakuwa na simu ya kunijibu. Ningeipata maana ya lile neno, nikavuka darasa vilevile, na mama yangu nisingemjua.