Paa la Hoteli ya Hooyo

Nimefundisha Kiswahili Garissa miaka mingi, na sijawahi kukichukia kama nilivyokichukia asubuhi niliyosoma bango lililosimamishwa mbele ya hoteli ya mama yangu kule Modogashe.

Hoteli kwetu ni mahali pa kula. Hakuna anayelala humo, labda dereva aliyesinzia juu ya sahani. Jengo lenyewe lilikuwa kuta nne za mawe ambazo mkandarasi wa barabara alizitelekeza kabla sijazaliwa, na mbuzi walishinda humo. Mama, ambaye sisi humwita hooyo, aliwaomba madereva wa malori madebe matupu ya mafuta, akayapasua, akayanyoosha kwa jiwe, akapanda mwenyewe kuyapigilia kwenye boriti huku ana mimba yangu. Kisha akawasha moto. Alipika mikate laini ya anjera, chai ya maziwa ya ngamia, wali na nyama ya mbuzi mpaka magoti yakamkatalia.

Mwaka huu akaja afisa mmoja anayekusanya historia ya majengo ya zamani. Alinipigia simu kwanza, akaniuliza kama aje na mkalimani. Mimi, mwalimu mzima, nikasema hapana. Nikampigia mama: "Hooyo, sema naye Kiswahili, asije akakukosea." Aliuza chakula kwa Kiswahili maisha yake yote, nami nilijivunia jambo hilo.

Afisa akamuuliza alifanya nini katika jengo lile. Akajibu: "Baa hii niliweka mimi, na mikono yangu."

Paa. Alisema paa! Ulimi wa Kisomali hauna sauti ya P, na kila mtu huku kwetu anajua hivyo isipokuwa huyo aliyetumwa kuandika historia yetu. Angesema "hili", labda afisa angeshtuka. Lakini hooyo hana habari na ngeli, kila kitu kwake ni "hii", na "baa hii" ni Kiswahili safi kabisa. Hata mimi ningempa alama zote. Basi bango likaandikwa kwa herufi kubwa kwamba hapa palikuwa na baa ya kwanza mjini, iliyoanzishwa na mama mmoja wa hapa. Mama aliyehiji! Mama ambaye hata sigara hakuiruhusu mlangoni pake!

Nilikwenda ofisini nikifoka. Afisa hakuona aibu yoyote. Akatoa simu, akaniwekea sauti ya mama.

"Sikiliza mwenyewe, mwalimu. Amesema baa. Mimi nimeongeza nini?"

"Hukumuuliza watu walikunywa nini?"

"Nilimuuliza. Akasema chai. Nikajua anaona haya."

Anaona haya! Nilitamani kumpiga na kiti. Nilirudi Modogashe siku hiyohiyo, nikaling'oa bango kwa mikono yangu, na anayetaka kunishtaki anajua ninakofundisha. Lakini nilikuwa nimechelewa. Watoto wa shule walishamsomea, na wanawake wanaokuja kumsalimia baada ya swala ya alasiri walishamcheka. Ikabidi nimweleze kosa lilivyotokea. Alinisikiliza, akakaa wima, akajaribu.

"Baa."

"Paa, hooyo. Funga midomo kwanza."

"Baa."

Nilimsahihisha mara ya pili. Mungu anisamehe, nilimsahihisha mara ya tatu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akainuka polepole, akaingia ndani.

Wiki iliyopita nilimleta hospitali hapa Garissa. Daktari, kijana mwenye adabu, akamwamkia: "Shikamoo mama, unaumwa wapi?" Hooyo, aliyezoea kugombana na madereva wa Kenya nzima kwa Kiswahili, aliniangalia mimi. Akaninong'oneza kwa Kisomali kwamba ni magoti. Nikatafsiri.

Daktari akauliza kama mama hajui Kiswahili.

Nikamwambia alikijua, mpaka mimi nilipomfundisha.