Orodha ya Mwaka Uliopita

Wenzangu darasani wanasema nimefuata nyayo za dada yangu. Yeye yuko mwaka wa pili wa uuguzi hapa Uvira, mimi niko wa kwanza, basi wao wanaona amenifungulia njia. Nyayo zilikuwa zangu, na yeye anajua.

Ni dada kwa sababu ni mtoto wa mama mkubwa. Mama yangu anaishi milimani Bijombo. Aliponileta Nyakabere, kule bondeni, kwa dada yake ili nisome, nilikuwa na miaka saba, nikapewa nusu ya kitanda cha huyo binti. Tangu siku hiyo tulikula sahani moja.

Uuguzi niliuchagua mimi. Bibi yetu alilazwa kituo cha afya majuma matatu, na mimi ndiye niliyekuwa garde-malade wake, yaani ndugu anayelala chini kando ya kitanda cha mgonjwa, anayempikia na kumfulia. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mkali asiyecheka na mtu, aliniona nikihesabu pumzi za bibi kwa vidole. Hakunisifu. Alivua saa yake akanipa.

"Hesabu muzuri," akaniambia. "Na usidanganye. Ukidanganya apa, mugonjwa ndiye atakufa."

Bibi alipona, akarudi nyumbani, akaendelea kulalamika chumvi imezidi. Mimi nilirudi na neno moja tu: nitakuwa muuguzi. Wakati huo dada alikuwa amemaliza shule, anajifunza kushona. Nilipopata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari na kuanza kujiandaa kwa concours, ule mtihani wa kuingia chuo, siku moja alifunika cherehani.

"Minye pia nitaandika," akasema. "Weye ukienda, nitabakia na nani?"

Nilimkumbatia. Niliona huo ndio upendo wenyewe.

Tuliandika mtihani pamoja. Majibu yalitangazwa wakati mpunga umeanza kujaa, na mtu wa bondeni anajua maana yake. Shamba haliachwi hata asubuhi moja. Ndege wanashuka kwa mamia, na lazima awepo mtu wa kugonga debe na kurusha mawe kuanzia alfajiri. Simu yetu ilikuwa moja ya vibonyezo, haiwezi kupokea picha, kwa hiyo mmoja alipaswa kwenda mwenyewe mpaka Uvira kusoma valvu, ubao ule wa matangazo pale chuoni. Dada ndiye mkubwa, akaenda yeye. Nilimwandikia jina langu lote kwenye karatasi, kana kwamba hakulijua.

Alirudi alasiri. Hakupitia nyumbani, alikuja moja kwa moja shambani na viatu vya safari.

"Hatuko," akasema. "Hata mumoja."

Akakaa chini kwenye matope, akalia mpaka mabega yakatetemeka. Mimi ndiye niliyembembeleza. Niliacha debe, ndege wakala watakavyo, nikamfuta uso kwa kitenge changu. Nilimwambia tuko wawili, tutajaribu tena. Alikuwa amenunua ndagala wabichi kule ziwani. Tulipika, akanipakulia fungu kubwa kuliko lake.

Mwaka mzima nilijiona mjinga. Bado nilimfundisha biolojia yote niliyoijua, tumekaa kwenye tuta na daftari magotini, mkono mmoja kwenye debe. Yeye alikuwa anashika haraka. Mimi nilizidi kulegea. Siku ya mtihani wa pili niliandika majibu, kisha nikaanza kuyafuta. Nilijiambia, kama mwaka jana uliamini hivi ukaanguka, basi hivi si sahihi. Nilifuta mengi.

Majibu yalitoka tena wakati wa ndege. Dada alitaka aende yeye. Alikuwa ameshavaa viatu. Mama mkubwa akakataa, akasema zamu hii ni yangu. Dada alivua viatu polepole sana. Nilidhani ni uchovu.

Kwenye valvu jina lake lilikuwa la tisa. La kwangu halikuwepo. Nilipitisha kidole juu mpaka chini mara tatu, halafu nikaingia ofisini kuuliza kama hakuna kosa. Mzee wa uandikishaji aliniomba jina, akakunja uso, akavuta faili jingine chini ya meza.

"Jina hii niko naijua," akasema. "Weye ulipita mwaka ulipita. Wa ine! Tulikungojea, haukukuya kujiandikisha. Kiti tukapatia mwingine."

Akanigeuzia karatasi. Jina langu lilikuwa pale, la nne, limepigwa kwa mashine, na pembeni kwa kalamu nyekundu wameandika *absente*, yaani hakufika. Nilitafuta la dada kwenye orodha ile. Halikuwepo.

"Papa, haiwezekani nirudishiwe?"

"Ile ilishaisha, mwanangu. Utaandika tena mwaka ujao."

Nilitoka nje. Nilikumbuka matope, mabega yanayotetemeka, ndagala, fungu kubwa. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: alijililia mwenyewe mikononi mwangu, nikamfariji kwa msiba wake tu. Simu ikalia. Alikuwa dada, ameazima ya jirani.

"Ebu sema! Jina yangu iko?"

Nyuma yake nilisikia debe likigongwa.

Neno *haiko* lilikuwa tayari mdomoni. Nililitaka sana. Nilitaka akae mwaka mzima akijiona mjinga, nami nimfute uso.

"Iko," nikasema. "Ya tisa."

Alipiga kelele, akamwita mama mkubwa, akacheka. Kisha akanikumbuka.

"Na ya kwako?"

"Ya kwangu ilikuwa apa mwaka ulipita."

Kicheko kikakatika. Nilingoja akatae. Angesema tu kwamba hakuona vizuri, kwamba watu walikuwa wengi wakimsukuma, ningemwamini. Nilikuwa namwomba moyoni aseme hivyo. Debe liligongwa tena nyuma yake.

"Ningebakia na nani?" akasema.

Juma lililofuata alihamia Uvira. Mpunga ulikuwa bado haujavunwa, na debe lilibaki kwangu.