Bendera Aliyoipa Mgongo

Hajarah alizaliwa Busia ya Uganda, lakini utoto wake mwingi aliupitisha ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, uani kwa kina Nereah, rafiki yake. Huko ndiko alikozoea firimbi ya asubuhi. Ikilia kwenye kituo cha mpakani, bendera ya Kenya inapanda na kila mtu anasimama alipo, hata mwenye mzigo kichwani. Nereah, mwenye miaka kumi na mitano kama yeye, alisimama kifua mbele, tena kwa raha. Kwao Hajarah watu walisimama pia, ila kwa macho ya kuviziana, maana miaka ile ya utawala wa wanajeshi hakuna aliyejua nani anamtazama nani.

Mwaka wa 1977 nyanya yake, Kulusumu, waliyemwita Jaja, alifariki alfajiri. Bibi huyo alikuwa amemwambia, "Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayenimwagia maji ya kuniosha." Hajarah alimpenda kupita kiasi na hakulisahau neno hilo. Lakini upande wao sabuni ilikuwa imebaki kitu cha kusimuliwa. Akatoka mbio kwenda ng'ambo, mamake Nereah akampa mche mzima, akageuza njia hapohapo.

Alikuwa ameshavuka, amebakiza kizuizi cha askari tu, firimbi ya Kenya ilipolia nyuma yake. Miguu ikafanya ilichozoea. Aligeuka, akasimama wima kuitazama bendera ya jirani, na ya kwao, iliyokuwa inapanda wakati huohuo, akaipa mgongo.

"Wewe nasimamia bendera ya nani?" askari aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha.

"Samahani, afande. Nyumbani iko msiba. Hii sabuni ni ya kuosha jaja."

"Jaja nangoja. Simama hapa, angalia hii yetu mpaka ikae kichwani."

Alisimama. Jua likapanda, askari akanywa chai, akacheza karata, akamsahau. Hajarah aliitazama bendera hadi rangi zikavurugika machoni, na hasira aliyokuwa nayo hakuwa na pa kuipeleka. Alipoachiliwa, adhana ya adhuhuri ilikuwa inaisha.

Nyumbani wanawake walikuwa wamechoka kungoja, wakamwosha Jaja kwa maji na majani ya mkunazi. Hajarah alilikuta jeneza njiani likipelekwa msikitini, sabuni ikiwa bado kwapani. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

Baada ya arobaini alirudi kwa kina Nereah na ule mche, haujakatwa. Wakakaa uani kuchambua mboga. Firimbi ikalia. Nereah akainuka, Hajarah akabaki kwenye kigoda.

"Simama, Hajarah," Nereah alinong'ona. "Watu wanakuona."

"Hiyo ni yenu."

"Kwani yenu huisimamii?"

"Yetu nimeshaisimamia," alisema Hajarah. "Niliisimamia mpaka Jaja akaoshwa bila mimi."