Siku ya Masufuria kwa Madame Séphora

Nikipita Bulengera, mtaa wa mji wa Butembo huku mashariki mwa Kongo, sikosi kufika kwa Madame Séphora. Mimi ni mtu wa kutembea. Leo niko Butembo, siku nyingine Beni, nikirudi nalala pale nitakapopewa kitanda. Siku hizi kila mtu wa kwetu anatembea na woga tumboni, na mimi ninao. Lakini nikikaa nyumbani peke yangu woga unazidi, kwa hiyo natembea.

Séphora alizaliwa Luofu, baba yake mkulima wa viazi. Alikuja Butembo na mume, mume akafa, hawakujaliwa mtoto. Akabaki na kazi ya kufundisha Kifaransa kwenye sekondari moja ya huko mtaani, na sanduku la bati lililojaa vitabu. Kila Jumatano, masomo yakiisha, analibeba hadi kwenye kapela, kanisa dogo la shirika lao, anakaa kwenye benchi la nje, na vijana wanakuja kuazima.

Karibu vitabu vyote ni vya namna moja. Mtu anaanza kitabu akiwa mtoto, anakimaliza akiwa mkubwa.

"Vingine vinanichosha," aliniambia siku moja, juu ya vitabu vya wafalme na marais. "Ba roi, ba président, hapana. Miye napenda kuona mutu anakomaa."

Na ana namna yake ya kugawa. Hamuulizi kijana anapenda kitabu gani. Anamtazama usoni, halafu anauliza, "Weye unaogopa nini?" Akipata jibu ndipo mkono unaingia sandukuni. Jéthro alisema anaogopa sauti ya baba yake akirudi kutoka kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Akapewa kitabu cha mtoto wa mlevi anayejifunza useremala. Msichana mwingine alisema anaogopa examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Madame akacheka, akampa kitabu kinene kabisa. "Ukimaliza hii, examen itakuwa kama barua tu."

Eliezer, mcheshi wao, alijipiga kifua. "Madame, miye siogope kitu."

"Basi ukuje siku utaogopa. Leo sina dawa yako."

Wenzake wakamzomea hadi akajificha nyuma ya ukuta.

Kulikuwa na msichana mpya, Kanyere. Alikuja na shangazi yake kutoka upande wa Manguredjipa, wakiwa wamebeba godoro na mbuzi, na hakuna aliyewauliza wengine wa nyumba yao wako wapi. Madame alipomuuliza anaogopa nini, alisema, "Makelele." Madame hakuuliza tena. Alimpa kitabu, Kanyere akakiweka kifuani, na kila Jumatano akarudi kuchukua kingine.

Jumatano ninayoisimulia nilikuwepo, namsaidia Madame kumenya maharagwe mabichi ya chakula cha jioni. Wiki ile habari hazikuwa nzuri. Watu waliingia mjini na mizigo kichwani, wakisema huku, wakisema kule, na kila mmoja alikuwa na mtu aliyemwacha njiani. Vijana walikaa bila kucheka, Kanyere pembeni kabisa. Nadhani Madame aliliona hilo, ndiyo maana akachagua kitabu cha kuchangamsha.

Kilikuwa cha kijana anayeachiwa shamba la mahindi kulilinda peke yake kwa mara ya kwanza. Baba yake mgonjwa, kaka zake wamekwenda. Tembo wanakuja. Madame alisimama, akawa yeye ndiye tembo, halafu akawa yeye ndiye kijana. "Anatetemeka! Anatafuta mukuki, hakuna! Anatafuta moto, umezimika! Anakamata nini? Anakamata sufuria ya mama yake!"

"Madame, tufanye théâtre!" Eliezer akaruka.

Akakimbilia nyumba za jirani akarudi na sufuria, vifuniko na miiko. Hakuna aliyesema hapana. Tulikuwa na njaa ya kucheka.

Sasa, msomaji wa mbali anifahamu. Kwetu, kuanzia Beni hadi vijiji vya Lubero, sufuria ni kengele. Anayeona watu wa panga wanakuja anapiga sufuria. Anayesikia haulizi, anachukua yake na kupiga naye, ili wa mtaa wa mbele asikie. Hakuna anayesubiri kuhakikisha, maana waliosubiri wamezikwa. Na Madame Séphora aliyajua hayo kuliko mimi. Lakini siku ile alikuwa ndani ya kitabu.

Eliezer akapiga. Wasichana wakagonganisha vifuniko. Jéthro, ambaye ndiye tembo, alinyoosha mkono mbele ya pua kama mkonga, tukacheka hadi machozi.

"Nguvu!" Madame akasema. "Tembo hasikie!"

Wakapiga kwa nguvu.

Ndipo sufuria nyingine ikajibu. Moja tu kwanza, huko juu nyuma ya mikalatusi. Kisha nyingine chini yetu. Kisha nyingi, kisha filimbi, kisha sauti ya wanawake. Vijana wakaacha kupiga, lakini kelele haikuacha. Ilitoka kila upande, na hata sisi tuliokuwa tumeianza hatukujua tena kama ni yetu inayoturudia au ni ile ya kweli. Eliezer alibaki na mwiko hewani.

"Madame," akasema polepole, "ile hapana yetu. Ile hapana yetu, Madame."

Bakuli la maharagwe lilinianguka.

Barabara ikajaa. Mama mmoja alipita na mtoto mgongoni na mto wa kulalia mkononi. Mwingine alikuwa anavuta nguruwe kwa kamba, nguruwe hataki, naye analia na kumsihi kama anamsihi mtu. Madame Séphora akaingia katikati ya njia akanyanyua mikono.

"Ni sisi! Ni batoto banacheza! Hakuna kitu!"

Mwanaume mmoja akamsukuma pembeni. "Kimbia, Madame! Acha kuhubiri!"

Ilichukua muda mrefu kelele kufifia. Ilizimika mlima kwa mlima, kama ilivyokwenda. Hakuna risasi iliyosikika, hakuna moshi. Vijana walikuwa wamejibanza ukutani mwa kapela, wameshikana. Madame akawapitia mmoja mmoja, akiwagusa kichwa. Alipomaliza akaanza upya. Kisha akanitazama, na uso wake ukawa wa majivu.

"Sokulu," akaniita, maana kwa Kinande hivyo ndivyo tunavyoitwa sisi babu, "Kanyere iko wapi?"

Hakuwepo. Hakuna aliyemwona akiondoka. Wengine walikuwa wamecheza, wengine wamecheka, naye alisikia sufuria ya kwanza tu, akaenda.

Wakati huo Musafiri, kijana wa Kiislamu mwenye pikipiki ya kubeba abiria, alipanda kutoka bondeni, injini inalia.

"Nani alianza hii mambo?" akapiga kelele. "Basoda bameshuka kule chini, banatafuta adui mu matete!"

"Musafiri, mwana wangu, umeona binti moja? Iko na uniforme ya masomo."

Akazima injini. "Nilimuona. Alishuka kule kule, Madame. Alikuwa anakimbia kama mutu hana macho."

Sitadanganya, nilitaka kubaki. Miguu iliyonibeba hadi Beni na kurudi ilikataa kunibeba mteremko ule. Lakini Madame alikuwa ameshafunga kikwembe chake cha kitenge kiunoni na kushuka, na mimi nikaona haya kubaki na maharagwe. Nikamfuata. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Binti amejificha mahali ambapo askari wanatafuta mtu aliyejificha.

Tuliwakuta kando ya kijito, wamesambaa, bunduki zimeelekea matete. Mmoja alitugeukia kwa Kilingala.

"Mama, bozonga! Rudini!"

"Kuko mutoto ndani," Madame akasema.

"Kuko mutu ndani," askari akajibu. "Tulimuita, anakataa kutoka. Mutu muzuri anakataa kutoka?"

"Ni mwanafunzi wangu."

"Basi umuite. Lakini noki, haraka, jua linaenda."

Madame akaita. "Kanyere! Ni miye, Madame Séphora! Toka, mama, hakuna kitu!"

Matete yalitikisika na upepo, basi. Akaita tena, hakutoka. Nilielewa, na Madame naye alielewa, maana alikaza mikono. Kule alikotoka huyu binti, wauaji walikuja wamevaa nguo za jeshi. Waliwaita watu kwa maneno matamu. Kujeni, musiogope, hakuna kitu. Walimshika mwanamke wa kijiji wakamlazimisha aite jirani zake kwa majina. Kwa Kanyere, jina lake likiitwa bondeni na sauti anayoijua, hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Askari kijana aliyekuwa karibu nami akakoki bunduki. Sauti ile ndogo ya chuma ikanipita mwilini mzima.

Madame Séphora akafuta viganja kwenye kikwembe. Akasogea hadi maji yakamfika kwenye viatu. Halafu, kwa sauti ile ile ya Jumatano, ila ikitetemeka, akaanza.

"Kuko kitabu moja. Ni ya mutoto mwanamuke, baba yake ni fundi wa viatu. Anashonea batu bote viatu, lakini binti yake anaenda masomo miguu wazi, anachekwa. Siku moja anavaa viatu ya mteja. Ile siku mteja njo anakuja kuchukua…" Akanyamaza. "Mwisho sisemi. Usome mwenyewe."

Askari wakatazamana. Mmoja akauliza, "Huyu mama iko mzima?"

Madame hakugeuka. "Kuko ingine. Kijana anaimba mu chorale, sauti ya juu kabisa. Sasa sauti inaanza kuvunjika, anaogopa batamutoa. Anaanza kufungua tu midomo, anadanganya kama anaimba. Hakuna anayejua. Mupaka siku ya Noeli bananyamazisha bengine, bananyooshea yeye kidole…"

"Bakamukamata?" akauliza yule askari kijana, bunduki imemlegea kidogo.

"Nyamaza, baba. Hii hapana yako."

Jua lilikuwa limegusa mgongo wa mlima. Mkubwa wao akatazama saa, akamtazama Madame, akafungua mdomo. Nilisali Salamu Maria, nikakosea katikati, nikaanza tena.

"Kuko ingine," Madame akasema, na sasa alikuwa analia bila kujificha. "Ni ya binti anaenda kuishi kwa mujomba wake ku mji. Mujomba ni mukali, lakini usiku anamuacha asome na taa yake…"

"Ile nilisoma."

Ilitoka karibu sana, karibu kiasi kwamba askari wawili walirudi nyuma.

"Mwisho yake ni mubaya," sauti ikaendelea, nyembamba, imekauka. "Mujomba anakufa."

"Ulisomea wapi?" Madame akauliza. Sikuelewa kwa nini anauliza hilo, lakini alimuuliza kama vile wako kwenye benchi.

"Ulinipatia weye, Madame. Umesahau."

"Nimesahau, mama yangu. Kichwa yangu iko na woga. Zile sufuria zilikuwa zetu, Kanyere. Eliezer njo alipiga, na miye njo nilimuambia nguvu. Ulikimbia kelele yetu."

Matete yakafunguka. Alitoka mikono juu, vidole vimenyooka, macho chini. Hakuna aliyemwambia anyanyue mikono. Alikuwa anajua. Tope lilimfika kifuani. Yule askari kijana alielekeza bunduki chini, akageuza uso upande wa mlima, akaubakiza huko.

Tulipanda mlima kurudi. Kanyere alishika kikwembe cha Madame kwa nyuma, kama mtoto anayejifunza kutembea, ingawa ana kimo cha kumzidi. Huko juu watu walikuwa wanarudi na magodoro yao, wakiuliza kwa hasira nani aliyeanza. Eliezer alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kurudisha vifuniko. "Mutusamehe, mama. Mutusamehe, baba." Mzee mmoja alimzaba kofi, akalipokea.

"Madame," Kanyere akasema.

"Eh."

"Jumatano unipe moja yenye mutu hakimbie."

Madame akafikiri. Alitembea kipande kizuri akifikiri. "Kuko ile ya fundi wa viatu… hapana, pale anamukimbia mteja. Ile ya chorale…" Akatikisa kichwa. "Naye anatoroka." Alitaja ya mapacha, akaikataa. Alitaja ya bibi na mjukuu, akaikataa nayo, maana bibi anahama. Tulipofika kapelani alisimama mbele ya sanduku lake lililo wazi, akaliangalia kama limemwibia.

"Sina," akasema. "Kanyere, sina hata moja."

"Basi utafute," binti akajibu, na hakuachia kikwembe.

Nilipoondoka asubuhi kwenda Beni, hilo ndilo Madame alilonituma. Njia nzima niliogopa kila kona na kila mtu aliyekaa pembeni. Nilifika sokoni mchana, kwa Hadjara, mama mmoja anayeuza vitambaa na vitabu vya mitumba kwenye meza moja. Nikamweleza.

Akacheka. "Muzee, kitabu ya kukomaa bila kukimbia? Na unakuja kuitafuta hapa Beni?"

Halafu akaacha kucheka. Akasogeza vitambaa vyake, akavuta rundo lote la vitabu hadi katikati ya meza, akanipa nusu.

"Angalia ku mwisho," akasema. "Miye naanza na hizi."

Tukakaa tukisoma kurasa za mwisho, yeye kwa macho, mimi kwa kidole, neno kwa neno. Pembeni yetu wenye meza walikuwa wameanza kufunga, maana Beni watu wanataka kuwa ndani mapema, na bado hatukuwa tumekipata kitabu cha mtu asiyekimbia.