Breki za Vidole Viwili

Katika kundi letu la waendesha pikipiki wa Maskati, hazipiti wiki mbili mtu hajauliza kama inafaa kung'oa breki za kiwandani na kufunga kali zaidi kwa safari za barabarani tu. Mimi sijibu. Jibu ninalo, lakini limo ndani ya goti la mtu mwingine.

Kaka yangu na mimi tulikuwa tukitoka kila Ijumaa asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mimi mbele, yeye nyuma, karibu sana. Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa hukaa nyuma ya mdogo apate kumwona. Nina miaka hamsini na moja, nasomesha chuoni Al Khoudh, na bado nilikuwa nikichungwa. Sikulalamika. Tangu mama afariki, Ijumaa ile ndiyo kitu pekee kilichobaki baina yetu. Siku nyingine hatukuwa na la kuzungumza.

Kisha nikaanza kusoma. Msomi hawezi kuwa na wasiwasi bila kuutafutia marejeo. Miezi miwili nilisoma habari za diski pana, mipira ya mafuta ya breki iliyofumwa kwa chuma na pedi za mashindano, mpaka nikaamini kwamba kila siku niliyorudi nyumbani mzima ilikuwa bahati tu.

Fundi wangu, Mkenya wa karakana moja ya Ghubra, alijaribu kuniokoa.

"Mudiri," aliniambia, yaani bosi, maana ndivyo anavyomwita kila mwenye pikipiki inayong'aa, "hizi zako ziko sawa kabisa. Wacha nikubadilishie mafuta ya breki na pedi, basi. Hizo zingine ni za watu wa mashindano. Wewe unaendanga tu kunywa chai."

Nilimwambia afunge nilivyoagiza.

Kaka aliizunguka pikipiki mara mbili. "Sasa utasimama kabla hujaondoka," akasema. Nikamwonesha namna inavyotosha kubana kwa vidole viwili, kwa majivuno ya mtu aliyezitengeneza mwenyewe.

Kuna jambo sikumwambia. Katika kusoma kwangu kote nilikuwa nimeliona pia hili: anayekufuata hana breki zako. Nililielewa. Lakini kwetu mdogo hamwambii mkubwa wake akae mbali naye. Neno hilo lingehitaji wazee kulisuluhisha. Nikanyamaza, na kimya changu nikakiita heshima.

Ijumaa ya tatu, mtaani Ansab, gari jeupe lililokuwa mbele yangu lilisimama ghafla katikati ya njia, mkabala na mkahawa, na dereva akapiga honi aletewe chai ya maziwa garini. Wote hapa tunafanya hivyo. Mimi nimefanya mara nyingi. Nikabana vidole viwili. Pikipiki ikasimama kama imegandishwa, na mbele yangu ikabaki nafasi ya gari zima. Nakiri kwamba nilipata wasaa wa kufurahi. Nilitabasamu ndani ya kofia yangu, nikimkumbuka fundi na kejeli ya kaka. Tabasamu lile lilidumu mpaka pikipiki ya kaka iliponifikia kwa nyuma.

Mhudumu alikuwa ameshatoka na chai. Akabaki amesimama nayo jua likimpiga, huku mimi nimepiga magoti lamini, nikimwita kaka. Breki zangu hazikupata hata mkwaruzo.

Goti lake lilitiwa vyuma. Pikipiki, daktari alisema, asahau. Siku ya pili hospitalini nilijikaza nikamwambia kwamba nilijua, kwamba nilitaka kumwomba akae mbali kidogo, nikaona ni utovu wa adabu.

"Ungenambia," akasema. "Ningekutukana, lakini ningekaa mbali."

Nilizirudisha breki za zamani. Fundi alikuwa amezihifadhi kwenye boksi. Kwa mwendo wangu zinasimamisha vizuri tu, kama zilivyokuwa zikisimamisha siku zote.

Siku hizi Ijumaa nakwenda kwake kwa gari. Tunakaa sebuleni, mguu wake juu ya stuli, tunatazama televisheni isiyo na sauti. Nikiaga, huinuka na gongo lake kunisindikiza mpaka mlangoni. Huja nyuma yangu, kama zamani, ila sasa hukaa mbali.