Mguu wa Hoekema Mbele ya Karani

Tjerk Hoekema alikuwa mchomeleaji kwenye kiwanda cha meli kwao Uholanzi, hadi bamba la chuma lilipomwangukia na kumwondolea mguu wa kushoto chini ya goti. Tangu hapo bima ya kwao humlipa kila mwezi. Akamwoa Gesine, Mjerumani, akahamia mjini kwake, ng'ambo ya mpaka. Baada ya miaka ishirini na miwili aliomba uraia. Si kwa mapenzi. Alitaka kupiga kura awaondoe wapumbavu madarakani.

Faili lake likamwangukia karani Rickmers, mtu ambaye, kwa macho ya Tjerk, hajawahi kubeba kitu kizito kuliko kikombe cha chai.

"Wanaoishi kwa msaada hatuwapi uraia," Rickmers alisema bila kuinua macho.

"Msaada wa nani? Hela hizi zinatoka kwetu. Nilikatwa mshahara kulipia bima hiyo miaka kumi na tisa."

"Hata hivyo, Bwana Hoekema, thibitisha kwamba huwezi kufanya kazi. Barua hii ya daktari ni ya zamani."

"Unadhani mguu umeota tena?"

Rickmers hakucheka. Aliandika kitu.

"Mpelekee barua mpya, yaishe," Gesine alimsihi nyumbani.

"Simpelekei. Aniandikie kwamba amenikatalia, atie sahihi."

Rickmers hakuandika barua yoyote. Miezi mitatu ikapita. Ndipo Tjerk akaanza kwenda kila Jumanne: anakaa kwenye korido, anafungua mguu wa bandia, anausimamisha kwenye kiti cha pembeni yake, kisha anasoma gazeti. Watu wa foleni wakajifanya hawaoni.

Jumanne ya nne mkuu wa ofisi, Bi Oltmanns, alitoka, akalisoma faili akiwa amesimama.

"Haya ni mapato yake, si msaada," alimwambia Rickmers mbele ya wote. "Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua."

Siku ya kukabidhiwa cheti cha uraia, Rickmers alinyoosha mkono. "Hongera. Karibu Ujerumani."

"Nipo hapa tangu ukiwa shule ya msingi," Tjerk alijibu, akachukua karatasi, akauacha ule mkono hewani. Gesine, kwa aibu, akaushika yeye.

"Ungeupokea tu," alimwambia garini. "Umeshashinda."

Tjerk alitazama nje. Alikuwa ameshinda kweli, na dharau yake kwa Rickmers haikupungua hata chembe.